Anayekuja ni wa mionzi au wa pingu?

Nina jamaa yangu huko Nyakato, Mwanza, ananunua vyuma chakavu. Mizani yake inaning'inia kwenye tawi la mwembe, na vijana wa matoroli wanaanza kumiminika kabla jua halijachomoza: rimu, masufuria yaliyotoboka, betri za magari. Juzi nilimuuliza: ukiletewa kitu kidogo kama kopo la rangi, lakini kizito mpaka vijana wawili wanatoa jasho, utafanyaje?

"Hiyo si risasi hiyo, kaka, ile metali nzito? Risasi ina bei. Nachukua."

Na ukikifuta vumbi ukakuta alama ya kuonya mionzi, ile kama panga boi nyeusi, mapanga matatu kwenye njano? Hapo akatulia kidogo. "Basi usiku nakipeleka ziwani. Nikienda nacho kituoni nitaulizwa nimekitoa wapi. Nalala ndani mimi."

Siku hizi kuna mafunzo ya wakufunzi: polisi, watu wa forodha, wa uhamiaji na wa bandari wanafundishwa kutambua magendo ya nyuklia na vyanzo vya mionzi, kisha wanarudi kuwafundisha wenzao. Nayaunga mkono. Mwanza ni njia panda. Dagaa wa Mwaloni Kirumba wanafika Congo kwa malori, mizigo inavuka ziwa hadi Port Bell, Bugando wanatibu saratani kwa mionzi, na migodini na kwenye ujenzi wa barabara kuna vipimo vyenye mionzi ndani yake. Tatizo ni kwamba likitajwa neno nyuklia, kila mtu anawaza gaidi na begi. Kumbukumbu za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1993 zina matukio zaidi ya 4,000, na mengi si ya bomu hata kidogo. Ni vitu vilivyopotea, vilivyoibwa, au vilivyotupwa ovyo.

Kilichotokea Goiânia, Brazil, mwaka 1987 kingeweza kutokea pale chini ya mwembe. Kliniki ilihama ikaacha mashine ya tiba ya saratani kwenye jengo bovu. Vijana wawili wakaing'oa, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, kitu chenye mionzi mikali, uliokuwa uking'aa buluu gizani, naye akawaita ndugu na majirani waje kuuona. Wengine waliondoka nao kidogo. Watu wanne walikufa, mmoja mtoto wa miaka sita, na zaidi ya watu 112,000 wakapangwa foleni kupimwa. Waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249.

Aliyeshtuka wa kwanza si askari. Ni mke wa yule mnunuzi. Aliona watu wa nyumbani wanaugua, akafunga mabaki ya kile kitu kwenye mfuko, akapanda basi kuyapeleka kwa madaktari. Naye alikufa. Mji ulijua kinachowaua kwa sababu mama huyo hakuogopa kuulizwa amekitoa wapi.

Kwa hiyo ningeulizwa mimi, somo la kwanza la mkufunzi lisingekuwa kipima mionzi. Lingekuwa namna ya kumpokea mtu anayeleta taarifa. Kaa mbali na kile kitu, maana ukiongeza umbali mara mbili mionzi inapungua hadi robo. Watenge watu, waite wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki, na yule aliyekuja kusema mpe kiti, si pingu. Mengine yafuate: kwamba kipima mionzi kinaweza kulia kwa shehena ya mbolea au vigae, maana vina mionzi kidogo ya asili, au kwa abiria aliyetoka hospitali kupimwa kwa dawa zenye mionzi, na huyo havuliwi nguo mbele za watu.

(Na mkufunzi akishaiva, jamani, asihamishiwe Mtwara baada ya miezi sita huku kipima kinabaki kabatini hakina betri.)

Nilirudi Nyakato jana na chaki ya njano. Nikachora ile panga boi kwenye bati kuukuu, tukalitundika juu ya mizani. Vijana wa matoroli walilitazama, mmoja akasema ni nembo ya timu. Jamaa yangu yeye alikuwa anawaza lingine.

"Sawa, nikiiona napiga simu. Anayekuja ni wa mionzi au wa pingu?"