Pikapu ya dagaa si gari la mashindano

"Shem, njoo Buhongwa. Uje na maji."

Simu iliingia Jumamosi saa nane mchana, ndiyo kwanza nimenawa mikono nile. Nilimkuta shemeji kakaa chini ya mwembe, boneti iko juu, magunia ya dagaa wa Mwaloni yamepangwa nyuma, na mvuke unafoka kwenye rejeta. Hilux yake ni ya injini ya 3L, na tangu baba yake ailete nyumbani haijawahi kuchemsha. Haijawahi! Imeenda na kurudi Geita miaka yote ile ya kupanga foleni ya kivuko Kigongo, imebeba mchanga, imebeba mawe, imebeba msiba. Tangu Juni 2025 kuna daraja, unavuka ziwa kwa dakika chache bila kumsubiri mtu, halafu gari linakuja kuchemkia Buhongwa, kwenye lami, mjini Mwanza.

Kisa ni video. Jamaa wa Marekani anatoa puli ya krenki ya kiwandani, lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mkanda, anafunga ndogo ya alumini, anang'oa feni ya mkanda, anaweka mbili za umeme, anawasha, gari linanguruma, jamaa anacheka. Shemeji naye akatafuta fundi wa kukereza, akatengenezewa puli yake. Feni akazitoa kwenye magari yaliyochinjwa. Nilipoambiwa, kazi ilikuwa imeshaisha.

"Lakini shem, sasa hivi linavuta hatari," ananiambia huku anajimwagia kichwani maji niliyoyaletea rejeta.

Linavuta wapi?

Tukubaliane kwanza, maana najua mtanijia juu. Puli ndogo kwenye krenki inapunguza mwendo wa kila kinachozungushwa na mkanda: wota pampu, altaneta inayochaji betri, pawa stelingi kama ipo. Injini inapunguziwa mzigo, nguvu iliyookolewa inaenda tairini. Sibishi. Ninachouliza ni kama nguvu hiyo ipo mahali unapoendesha wewe. Nguvu inayoliwa na feni haipandi sambamba na kasi, inapanda kwa kipeo cha tatu. Kasi ikiwa mara mbili, feni inakula mara nane. Ikiwa mara tano, inakula mara 125. Injini ya 3L inatoa nguvu zake zote, farasi 91 hivi, kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika, na mtu wa mashindano anashinda huko juu, kwa hiyo kwake feni ni mwizi kweli. Shemeji na dagaa zake anaishi kati ya 800 na 2,500. Kwenye 800 ile feni inakula sehemu moja ya 125 ya inachokula kwenye 4,000. Amemfukuza mwizi ambaye kwake alikuwa anaiba njiti ya kiberiti. Na ile feni ya kiwandani yenye klachi ya mafuta, injini ikiwa bado baridi inateleza tu, haijisumbui.

Hilo ningemsamehe. Kilichonichefua ni kufunga vitu viwili vinavyopigana kwenye injini moja.

Nina mita ndogo ya umeme, natembea nayo. Tulisubiri injini ipoe, tukajaza maji, tukawasha, feni zikaanza kulia. Nikagusa betri: volti 12.3. Washa taa kubwa, nikamwambia. 12.0, na inashuka mbele ya macho yetu. Altaneta inayochaji vizuri inatakiwa ikae kuanzia 13.8 hivi. Nikamwambia akanyage hadi 2,000: ikapanda mpaka 13.6. Umeona mchezo? Feni mbili za ampea 20 kila moja ni ampea 40, na altaneta ya zamani haitoi hizo gari likiwa limesimama hata kwa puli yake halali. Wewe ukaja ukaipunguzia mwendo tena. Kwa hiyo gari likikimbia feni zinashiba umeme, wakati upepo wa barabarani peke yake ungetosha kupoza rejeta. Likisimama kwenye foleni, hakuna upepo, feni ndiyo tegemeo pekee, na hapo hapo umeme unakatika pumzi. Wota pampu nayo inazunguka kivivu kwa sababu ya puli ile ile. Ukikaa chini kwa makusudi utafute njia ya kuchemsha gari Buhongwa, hutapata nzuri kuliko hii.

Na umeme wenyewe haudondoki kutoka mbinguni. Unatoka kwenye altaneta, altaneta inazungushwa na mkanda, mkanda unazungushwa na injini, na njiani sehemu kubwa inapotea kuwa joto.

Kisha tukaangalia nyaya. Hakuna rilei, ile swichi ya kubeba umeme mkubwa. Waya mwembamba wa taa ya indiketa umetoka betri ukapita kwenye swichi ya dashibodi mpaka kwenye feni zote mbili. Kishikio cha fyuzi kimeyeyuka, plastiki imegeuka rangi ya andazi lililoungua na imeng'ang'ania fyuzi haitoki. Fundi aliyefunga anasema mbona kwa Corolla zinafanya kazi. Fundi wangu, Corolla ilizaliwa nazo. Ina rilei, ina waya mnene, ina kingo ya plastiki inayolazimisha hewa ipite kwenye rejeta yote, na altaneta ilipigiwa hesabu kiwandani. Wewe umefunga feni kwa vibanio vya nyaya vya plastiki.

Uzuri wa hizi dizeli za zamani, ambao watu wanauchezea, ni kwamba hazina shida na umeme. Zinataka kidogo tu wa kufungua dizeli kwenye pampu. Altaneta ikifia Misungwi mchana, unafika nyumbani. Baba mkwe alishatoka Shinyanga hivyo, betri ya mkweche, taa nyekundu inawaka kwenye dashibodi njia nzima, na alifika akala. Feni ya mkanda haijui altaneta imekufa. Ya umeme inajua, na itakufa nayo, na hedi, kichwa cha injini, itafuata. Umechukua gari lisilotegemea umeme ukaliunganisha na fyuzi ya bei ya pipi.

Puli ya krenki kwenye injini nyingi ina mpira katikati wa kumeza mtikisiko wa shafti; kipande cha alumini hakimezi kitu. Naishia hapo.

Haya, niwe mwungwana. Feni ya umeme ikifungwa kwa akili, na altaneta kubwa zaidi, rilei, waya mnene, swichi inayosoma joto lenyewe, inafanya kazi. Nimeiona. Ila ukijumlisha gharama, klachi mpya ya feni ya kiwandani ingekuwa imeshanunuliwa na chenji ya samaki inabaki.

Na kabla ya kuanza kukereza chuma, angalieni vifuniko vya rejeta. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kifuniko kinachobana vizuri ndicho kinachoyasogeza mpaka zaidi ya 115. Cha shemeji mpira wake ulikuwa umekauka unavunjika kama kaukau. Thamostati nayo, ile vali inayopima joto la maji na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta, iko wapi, nikauliza. "Fundi aliitoa, alisema kwa joto la Mwanza haihitajiki." Nilienda kukaa chini ya mwembe.

Tulirudi mdogo mdogo saa moja jioni, taa zimezimwa mpaka giza likatulazimisha, dagaa wakiwa wa kwanza kuwasili mtaani kwa harufu. Puli ya zamani ilikuwepo stoo, imesharudishwa. Tatizo ni feni. Shemeji aliiuza kwa muuza chuma chakavu, kwa kilo, akapata hela ya soda. Nimezunguka Mabatini na Nyakato siku mbili: moja ina panga lililovunjika, nyingine klachi imevuja mafuta yote. Mwenye feni nzima ya 3L aniambie, naifuata kesho.