Injini ya turbo isiyofunguliwa: farasi wangapi ndio mwisho wake?

Palipo na Subaru Forester ya turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na watu watatu wanaoipenda, swali halikawii kuulizwa: injini hii kama ilivyotoka kiwandani, haijafunguliwa hata boliti moja, inabeba farasi wangapi, yaani nguvu kiasi gani? Mmoja atasema 300 bila wasiwasi. Wa pili ana rafiki mwenye 350, na gari linaenda Naivasha na kurudi kila wikendi. Wa tatu aliwahi kununua injini ya pili kwa pesa zake, naye atasema usiiguse kabisa. Nimesikiliza mabishano haya miaka mingi, na sasa naamini wote watatu wanajibu swali lililoulizwa vibaya.

Nitazungumzia injini ninayoijua: EJ20 ya Subaru, silinda nne zilizolala mbili kila upande, cc 1,994, ile iliyojaa Nairobi ndani ya Forester, Impreza na Legacy zilizotumika Japani kabla ya kutufikia.

Wanaosema inabeba zaidi wana hoja nzito. Kiwanda ni kilekile, ukubwa ni uleule, lakini Forester XT ya Japani iliuzwa na farasi 220, Impreza WRX 250, na STI, toleo lake kali zaidi, 280. Na hiyo 280 yenyewe haikuwa mwisho wa chuma. Watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasitangaze gari lenye zaidi ya hapo, na makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Kiwanda pia hulazimika kuacha akiba, kwa sababu hakimjui atakayelinunua gari: atasahau kubadilisha oili, atajaza petroli mbovu, atapanda mlima na familia nzima jua la saa saba. Ukilitunza gari lako kuliko mtu huyo, sehemu ya akiba ile ni yako. Rimapu ya kiasi, yaani kuipanga upya kompyuta ya injini, pamoja na ekzosi isiyobana, kwenye injini yenye afya, imefanywa mara nyingi mno bila madhara. Anayedai kila aliyeongeza busti, shinikizo la hewa ya turbo, ameua injini anatia chumvi.

Hata hivyo, kutoka 220 ya Forester hadi 280 ya STI si kazi ya kompyuta peke yake. STI ina turbo kubwa, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa na nozeli zinazomwaga mafuta mengi zaidi. Ukiidai turbo ndogo ya Forester farasi wa STI, unailazimisha izunguke kasi kuliko ilivyochorewa, na kinachoongezeka hapo ni joto kuliko hewa.

Halafu kuna hesabu ambayo mabishano mengi huiruka. Farasi ni zao la toki, ile nguvu inayosokota kranki, ukiizidisha kwa mizunguko ya injini. Injini inayotoa farasi 300 kwa mizunguko 6,000 inasokota takriban Nm 356. Nyingine inayotoa Nm 450 kwa mizunguko 3,000 ina farasi 190 tu wakati huo, na hakuna atakayejisifu kwa 190. Lakini konrodi za hiyo ya pili, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ndizo zinazoteseka. Konrodi na pistoni hazihesabu farasi. Zinasikia shinikizo la kila mlipuko, na turbo ndogo inayojaa mapema huleta shinikizo kubwa kabisa pale chini, injini ikizunguka polepole. Huko juu hatari ni nyingine, mvuto wa pistoni inapogeuza mwendo, nao hukua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 7,000 kwenda 7,500 umeongeza karibu asilimia 15. Kwa hiyo magari mawili yenye namba moja kwenye karatasi ya mashine ya kupima nguvu yanaweza kuwa na umri tofauti kabisa wa kuishi.

Na karatasi yenyewe, hapa Nairobi, inahitaji kuangaliwa mara mbili. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo la takriban 0.83 ya ile ya Mombasa. Mashine nyingi za kupima nguvu hufidia upungufu huo kwa kuzidisha matokeo ili yalingane na ya pwani. Kwa injini isiyo na turbo ni haki. Injini ya turbo imeshajifidia yenyewe kwa sehemu kubwa kwa kusukuma hewa zaidi, kwa hiyo marekebisho kamili huipa farasi isiokuwa nao. Gari lenye 250 za kweli linaweza kutoka na karatasi ya 300. Sishangai tena nikisikia ya 300 "imedumu tu".

Mwaka jana nilisimama kwenye gereji moja ya Ngara injini ya rafiki yangu ikifunguliwa. Karatasi yake ilisema 268, baada ya marekebisho hayo niliyoyataja. Tayari gari lilikuwa linatoa moshi wa buluu na kutema oili kwenye bomba la kupumulia. Pistoni ya silinda ya nne ilipotoka, uso wake ulikuwa mzima. Fundi akailaza ubavu, akapitisha kucha kwenye mfereji wa ringi ya kwanza, na kipande cha alumini cha ukubwa wa punje ya mchele kikamdondokea kiganjani. Kingo nyembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ilikuwa imekatika robo ya mzunguko. "Kaka, hii haikuvunjwa na mbio," akaniambia. "Hii imepigwa nyundo kutoka juu."

Nyundo hiyo ni petroli kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujamaliza kazi. Shinikizo linapanda ghafla, pistoni inapigwa, na pistoni za kumimina za kiwandani, ngumu lakini zisizojikunja, hupasuka hapo kwenye ringi kuliko mahali pengine. Silinda ya nne ya EJ ina sifa ya kupata moto kuliko wenzake, na mafundi wa Subaru huitazama kwanza.

Ilipigwa wapi? Busti ilikuwa imefungwa kwa koki ya mkono, ile ya kugeuza kwa vidole, ikawekwa bar 1 Nairobi. Koki hiyo haijui mwinuko. Inapima bar 1 juu ya hewa ya mahali ilipo. Nairobi, silinda zinapokea hewa ya jumla ya bar 1.83. Akateremka Mtito, Voi, Mariakani, akaingia Mombasa koki ikiwa palepale, na jumla ikawa 2.01. Ni ongezeko la karibu asilimia 10 ambalo hakuna aliyelipima. Kompyuta ikajikuta inasoma sehemu ya ramani yake ya mafuta na moto ambayo aliyefanya rimapu hakuifikia, huku hewa ya kuingia ni ya moto, na tangi lina petroli ya kawaida. Gari lilipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo vituo vya kule huiuza ikiwa na okteni, kipimo cha kutojiwasha yenyewe, karibu 100. Yetu ya kawaida haifiki hapo. Alirudi nyumbani salama akidhani safari ilikuwa nzuri.

Ndiyo maana siwezi kuikubali namba iliyotoka Marekani au Japani kana kwamba ni sheria. Kule husemwa kwamba EJ20 ya kiwandani inakaa vizuri kwenye mia tatu hivi. Namba hiyo ilizaliwa kwenye mafuta mengine, pengine ethanoli, hewa nyingine, na kwa mtu anayesoma rekodi za kompyuta kila wiki. Ukiichukua namba na kuyaacha mazingira yake, umechukua nusu.

Upande wa pili husema basi jenga kwanza: fungua, weka pistoni za kufua (zilizofuliwa kama chuma cha mhunzi, si kumiminwa) na konrodi nzito, ndipo uongeze. Kwa anayetafuta 400, sina pingamizi. Lakini pistoni za kufua hutanuka zaidi zikipata moto, hivyo huachiwa nafasi kubwa ndani ya silinda, na asubuhi injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga kuta. Nafasi hiyo ikikosewa hata kidogo na mkata silinda, umetoa injini iliyofungwa kwa vipimo vya kiwanda na kuweka iliyofungwa kwa kukisia. Nimeona injini zilizojengwa kwa gharama kubwa zikinoki kabla ya zile za kiwandani zilizokuwa zinadharauliwa.

Wapo pia wanaopiga hesabu ya mfuko. Wanasema itumie ya kiwandani mpaka ife, ununue nyingine iliyotoka Japani, kwa sababu kwa wengi wetu injini nzima ya mtumba ni rahisi kuliko seti ya pistoni za kuagiza pamoja na kazi ya kuzifunga. Hesabu hiyo inaingia akilini kwa gari la wikendi. Kwa gari linalobeba watoto shule naikataa, kwani injini haichagui pa kufia, na ile ya mtumba unayoifunga pia ina historia usiyoisoma popote.

Wenye Toyota Mark II na Chaser za injini ya 1JZ-GTE watanicheka kidogo, na wana haki. Bloku yao ni ya chuma, silinda sita, kranki imeshikwa na beringi saba. Farasi 280 wakigawanywa kwa sita ni chini ya 47 kila silinda. Kwa EJ ni 70. Ndugu yake 2JZ-GTE ya Supra inajulikana kupita 600 bila sehemu ya chini, yaani kranki, konrodi na pistoni, kuguswa. Ila hapo neno "ya kiwandani" linaficha mengi, kwa sababu turbo, nozeli na pampu ya mafuta zote huwa zimebadilishwa. Turbo zake za Japani zilikuwa na mapanga ya seramiki yasiyovumilia busti kubwa.

Nikiulizwa leo, kwa Forester yenye pistoni zake za asili na kazi ya kila siku, nitapima kompresheni ya silinda zote nne kwanza, na ikitofautiana siongezi chochote. Zikiwa sawa nitakwenda hadi 260 za kweli, toki isizidi Nm 350, na busti ipande taratibu baada ya mizunguko 3,500. STI ningeiacha karibu na ilipoachwa na kiwanda. Kwa wanaoona 300 ni aibu: Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, magari yao yakivuta hewa kupitia tundu la milimita 34 lililowekwa na kanuni ili nguvu isizidi sana 300. Injini zao zilijengwa upya kabisa, naam, lakini farasi walikuwa hao hao.

Rafiki yangu alifunga injini nyingine. Koki ilitolewa, busti ikarudishwa chini ya kompyuta inayosoma hewa ya mahali, na rimapu ikapimwa Nairobi kisha ikamaliziwa Mombasa mchana wa joto. Bila marekebisho ya karatasi, Nairobi ina 241. Ameshuka nayo pwani mara mbili tangu Desemba, na kijiti cha oili bado kinasoma palepale.