Kitunguu saumu hakijamruhusu mtu kuacha vidonge vya presha

Shangazi yangu amepimwa presha juzi, mashine ikasoma 180 kwa 110. Vidonge vyake vimo kabatini, pakiti haijafunguliwa, na kadi ya kliniki inaonyesha tarehe zilizopita bila kuhudhuria. Kisa ni ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: meza punje tatu za kitunguu saumu asubuhi kabla ya kula, na baada ya mwezi achana na dawa za hospitali.

"Vile vidonge vinamaliza figo, mwanangu," ananiambia.

Shangazi, presha isiyotibiwa ndiyo inayomaliza figo! Nimekasirika mpaka sasa, na hasira yangu si kwake.

Aliyerekodi ile sauti hata kitunguu saumu chenyewe hakijui. Punje nzima haina alisini, ile kemikali anayoisifia. Ndani yake kuna aliini, na kuna kimeng'enya kiitwacho aliinasi, kila kimoja kimefungiwa chumba chake. Ukiponda, ukikata au ukitafuna, kuta zinavunjika, vinakutana, na alisini inatengenezwa papo hapo pamoja na ile harufu inayopanda puani. Wanakemia Cavallito na Bailey waliitenga na kuipa jina huko Marekani mwaka 1944, wakaona inazuia bakteria. Sasa wewe unammezesha mtu punje nzima, ikafike kwenye asidi ya tumbo inayokilemaza kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi! Jikoni ni hivyo hivyo: twanga, acha kama dakika kumi, ndipo utie kwenye sufuria, maana moto nao unakiua.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kitunguu saumu kinashusha presha. Majaribio yaliyojumlishwa pamoja yanaonyesha kwamba kwa watu wenye presha ya juu, ile namba ya juu hushuka kwa wastani wa karibu 8. Lakini mengi ya majaribio hayo yalitumia unga au vidonge vilivyopimwa kwa kiwango maalumu, si punje za kukadiria kwa mkono, na baadhi ya washiriki waliendelea na dawa zao kama kawaida. Haya, toa 8 kwenye 180. Inabaki 172. Mtu mwenye 172 bado yuko kwenye njia ya kiharusi, na umeshamwambia amepona. Hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia. Presha haiumi. Shangazi anapika, anafua, anakwenda kwenye vikao vya kikoba, hana dalili yoyote, kwa hiyo kila asubuhi anayoamka salama anaihesabu kuwa ushahidi kwamba punje zinafanya kazi.

Na ninajua kwa nini aliiamini ile sauti. Inaongea taratibu, inamwita mama, inaeleza. Kliniki anakaa foleni tangu alfajiri, anaandikiwa dawa, anaambiwa "zitumie kila siku", jina la anayefuata linaitwa. Hakuna aliyemwambia kwamba dawa za presha hazikatizwi kwa sababu tu namba imeshuka, kwamba namba imeshuka kwa sababu anazitumia. Wahudumu wetu wamezidiwa, naelewa, lakini dakika mbili za kueleza zingemwokoa.

Kuhusu lehemu, yaani kolesteroli, wanaosema kitunguu saumu kinaisafisha wasome jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2007: watu 192, miezi sita, wengine wakila kibichi, wengine vidonge, na lehemu mbaya haikushuka kwa kundi lolote.

Msinielewe vibaya, mimi nakila. Nanunua vile vya Mbulu, punje ndogo, tabu kumenya, ila ukitwanga nyumba nzima inajua. Kwenye mchuzi, kwenye pilau, kwenye kachumbari, endeleeni.

Ila wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au waliopangiwa upasuaji, wamwambie daktari kama wanakula kwa wingi au wanameza vidonge vyake, kwa sababu kinapunguza uwezo wa damu kuganda. Wanaotumia ARV nao waulize kabla ya kununua vidonge hivyo: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta vilipunguza kiwango cha saquinavir, mojawapo ya ARV, kwenye damu kwa karibu nusu. Saquinavir siku hizi haitumiki sana, lakini swali ni lile lile kwa dawa uliyonayo leo, na anayeweza kulijibu ni mfamasia wako.