Mkuu, Mwisho Bei Gani?

Gari limewekwa sokoni asubuhi, picha sita, hata ya buti ipo. Kabla ya saa nne mtu keshauliza: "Mkuu, mwisho bei gani?" Hajaliona. Hajui hata kama lina usukani. Kisha anaongeza: "Chini iko vizuri?" Yaani miguu ya gari: shokapu, linki na ndugu zao.

Toyota IST ya 2004 iliyopigwa matuta na mashimo yetu haya, chini iwe vizuri kwa dua ya nani? Ndipo mtu mzima, mwenye heshima zake, anakaa na kalamu kupiga hesabu: nibadilishe spea ndiyo niuze, au niuze hivi hivi nikatwe bei?

Stabilaiza linki, badilisha. Ni vijiti viwili na nati nne, fundi anamaliza kabla chai haijapoa, na ile koto-koto ya barabara ya vumbi inakufa. Mnunuzi hajui kutofautisha linki na shokapu: anasikia kelele ya kijiti, anakukata bei ya shokapu nne. Balbu, waipa, gasketi ya tapeti kava (kile kifuniko cha juu ya injini) inayovuja, badilisha. Shokapu zenyewe, acha, maana ukifunga mpya hiyo pesa hairudi hata nusu. Boljointi, kile kiungo kinachoshikilia tairi, ikilegea haina mjadala. Ikichomoka, tairi linalala ubavu gari likiwa kwenye mwendo. Funga mpya, piga alaimenti matairi yanyooke, nyamaza.

Umemaliza? Bado. Anakuja fundi wa mnunuzi.

Huyu haji na spana, anakuja na uso. Analizunguka gari kama daktari anayepita wodini. Anainama kwenye tairi, anasoma tarakimu nne, 1517. "Wiki ya 15, 2017," anatangaza, sauti ya kusoma tanzia. Injini ikiwa inaunguruma anafungua kifuniko cha oili, anaweka kiganja juu, anasikilizia kama injini iliyochoka inatoa pumzi. Anachomoa stiki ya gia boksi, ananusa kama kuna harufu ya kuungua. Injini ikiwa safi: "Imeoshwa. Inaficha nini?" Ikiwa na vumbi: "Inavuja hii." Na wewe na shati lako la kuchomekea unaanza kujitetea kama mtoto aliyevunja kikombe. Anaingia ndani, anakanyaga breki, anaweka D, anawasha AC. Usukani ukitetemeka, anamgeukia mnunuzi, si wewe: "Injini mauntini zimekufa." Zile raba zinazobeba injini. Halafu anakata usukani mpaka mwisho, vioo chini, anazunguka polepole kuisubiri ka-ka-ka ya CV jointi, kiungo cha ekseli ya tairi la mbele. Isipolia, anasikitika waziwazi.

Kuna wajanja wanaotoa balbu ya cheki injini, ile taa ya dashibodi inayosema injini ina tatizo. Ndugu yangu, swichi ikifika ON ile taa lazima iwake, izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, fundi kashakujua. Ukichomoa waya wa betri nako, taa inazima, lakini mashine ya kupimia inaonyesha kompyuta haijamaliza kujikagua. Utaulizwa ulichomoa lini.

Jamani, gari lina miaka zaidi ya ishirini! Mtu anataka lisipige kelele, lisivuje, rangi ya kiwandani, tairi mpya, kwa bei ya bodaboda!

Mkishakubaliana, anawasha redio. Haishiki stesheni nyingi. Itashikaje? Redio ya gari la Japani la enzi hizo ni FM 76 hadi 90, zilizo juu ya hapo mpaka ufunge ekspanda, kile kidude cha kushusha masafa. Haya, na yule mama anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari, anasema nini? Anasema kadi haijawekwa. Kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Miaka yote hiyo anaidai kadi Mbagala, asubuhi na jioni, kwa adabu kabisa.

Mnunuzi anataka apunguziwe kwa ajili ya huyo mama.