Slaidi za picha zinazofifia: zipewe kazi gani?

Fungua tovuti ya hoteli ya ufukweni Zanzibar, na huenda ukapokewa na bahari, kisha bahari inafifia kinatokea chumba, chumba nacho kinafifia inakuja sahani ya pweza. Wenye hoteli hupenda, na mafundi wengi huziweka slaidi hizi bila kuuliza zinabeba nini.

Wanaozipinga wana ushahidi. Mwaka 2013 Erik Runyon, mtaalamu wa tovuti, alichapisha takwimu za tovuti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani: takriban asilimia 1 tu ya wageni walibofya slaidi, na asilimia 84 ya mibofyo hiyo iliangukia ile ya kwanza. Zilizofuata ziliambulia makombo. (Katika ofisi nyingi nadhani kazi halisi ya slaidi ni kumaliza ugomvi wa idara ipi ikae mbele.) Halafu kuna bando. Picha 5 zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja megabaiti 3, zinakula megabaiti 15 kabla mgeni hajaona hata bei ya chumba.

Hata hivyo, takwimu za mibofyo hazimgusi mwenye hoteli kwa namna ileile. Hakuna anayetaka kubofya bahari. Pale picha zote zinaposema jambo moja, yaani mahali penyewe pakoje, mgeni aliyeona mbili tu hajapoteza kitu. Kufifia pia ni kupole kuliko picha zinazosukumana, na kivinjari hakipati taabu, maana kubadili uwazi wa picha hakuulazimishi ukurasa kupangwa upya. Zamani wengi waliitegemea jQuery, maktaba ya JavaScript (lugha ya kuupa ukurasa vitendo). Leo mistari michache ya CSS, lugha ya kupamba kurasa, inatosha.

Ila ufundi una mitego. Ukiifanya picha ya zamani ififie huku mpya ikijitokeza, katikati ya safari kila moja imefifia nusu, na robo ya rangi ya nyuma inapenya. Ukurasa ukiwa mweupe, utaona mwanga ukipwita kila zamu. Dawa ni kuiacha ya chini ilivyo na kuijaza ya juu peke yake. WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zifikike na watu wote wakiwemo wenye ulemavu, nao unataka kinachojiendesha zaidi ya sekunde 5 kando ya maudhui mengine kiwe na njia ya kusimamishwa, na hapo kwa kawaida JavaScript kidogo inarudi. Aliyechagua kupunguza miondoko kwenye mipangilio ya simu yake apewe picha moja iliyotulia.

Kwa hoteli, basi, ningeweka picha 3 zilizopunguzwa uzito, ya kwanza ipakiwe mapema na nyingine zifuate. Jina na kitufe cha kuulizia nafasi visiguswe na kufifia. Kwa shule inayotangaza mwisho wa usajili ningeiondoa slaidi kabisa: tarehe iandikwe juu, kwa herufi kubwa, ibaki hapo.