Dumu la Mama Mkwe

Kilabu cha mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, cha ukweni kwangu, Marangu, hakina kibao. Bibi yake mke wangu alianza kuuza pale enzi wamangi, yaani machifu wa Wachaga, bado wanatawala. Mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu, chungu kikabaki jikoni. Bibi alipofariki, mama mkwe akashika mwiko. Sasa mabinti wanamenya ndizi, wajomba wanapasua kuni, na shemeji yangu mdogo, aliyesomea uhasibu, anatunza daftari la madeni. Ni daftari nene.

Mimi Mbondei wa Muheza, kwa hiyo pale nafundishwa kama mtoto wa chekechea. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa, halafu unachanganywa uji wa kimea cha ulezi, na magome ya msesewa ndiyo yanayotia ule uchungu. Mama mkwe anaonja kwanza mbele ya watu wote, waone haina sumu, kisha kata inaanzia kwa mzee kuliko wote na kuteremka kwa umri. Ikinifikia mimi mkwe, imebaki ulezi wa chini.

Januari tunarudi Dar, mama mkwe akanikabidhi dumu la lita tano. "Mpelekee baba yako mdogo, mkwe. Mwambie haijakomaa, kesho ndiyo siku yake."

Mdomo wa dumu alikuwa ameuziba kwa jani la mgomba lililokunjwa, kama wanavyofanya siku zote, ili pumzi ipate pa kutokea. Mhasibu akaliangalia lile jani kwa huruma. "Shemeji, hii itakumwagikia." Akalitoa, akakaza kifuniko kwa mikono miwili, akazungushia nailoni, akapiga na fundo. Usomi huo!

Tukapanda Noah pale Mtoni. Dereva alikuwa mlokole haswa: mapambio kuanzia tunaondoka, na kwenye kioo kibandiko cha damu ya Yesu. Dumu nikaliweka miguuni. Sasa huko juu kuna baridi, mbege inachachuka taratibu. Ukishuka kuelekea Himo joto linapanda, na matuta ya barabarani hayahesabiki. Nikaona dumu limevimba tumbo. Nikamwonyesha mke wangu, akasema, "Usiliguse."

Sikuligusa. Tuta lililofuata ndilo lililogusa.

Puu! Kifuniko kikagonga dari, na mbege ikakifuata. Mama mmoja aliyekuwa amesuka juzi tu akapata ulezi kichwa kizima. Mzee wa kiti cha nyuma akafumbua macho, akalamba mdomo, akauliza kama tumeshafika kilabuni. Sehemu kubwa ilimwangukia dereva: shingoni, kwenye shati jeupe, mpaka kwenye kile kibandiko.

Na askari wa barabarani alikuwa hatua chache mbele, mkono juu.

"Shikamoo, afande. Mimi nimeokoka," dereva akaanza, kabla hajaulizwa lolote.

"Marahaba. Umeokoka lini, leo asubuhi?"

Kipima ulevi kikaletwa. Dereva akapuliza huku machozi yanamlengalenga. Sifuri. Askari hakuamini, akampulizisha tena. Sifuri. Akaingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi ndefu, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatoa hukumu: "Msesewa umezidi kidogo. Nendeni."

Habari zilifika Marangu kabla sisi hatujapata basi la Dar. Mama mkwe akamtuma mjomba kwa pikipiki, na jani la isale mkononi, amkabidhi dereva. Kwa Wachaga, ukiletewa isale umeombwa radhi, na kukataa ni mwiko. Lakini dereva wetu mtu wa Singida. Kuona mzee asiyemjua anamjia na jani bichi huku ameinamisha kichwa, akaruka nyuma ya gari.

"Ushindwe! Ushindwe kwa jina la Yesu!"

Mjomba akazidi kusogea, maana radhi ilikuwa bado haijapokelewa. Dereva akazidi kukemea. Walizunguka ile Noah mpaka mama wa nywele, mwenyeji wa Kilema, akalichukua jani mwenyewe, akasema amesamehe kwa niaba ya wote, ila nywele zitalipwa.

Zikalipwa, na kuosha viti kukalipwa. Mama mkwe alitoa hela papo hapo bila kinyongo. Jioni, tukiwa tumeshapita Korogwe, ikaingia picha kutoka kwa shemeji: ukurasa mpya wa daftari la madeni, jina langu juu, na chini yake dumu, viti, nywele, na mafuta ya pikipiki ya mjomba.