Fundi, ulisema "hakuna shida"

Gari langu, Suzuki Escudo ya zamani, niliinyanyua kwa sababu moja: korongo la kwenda shambani kwetu Hombolo. Masika yakianza, gari la chini unaliacha barabarani unamalizia kwa miguu. Sikutaka sifa.

Fundi akaweka spesa, vipande vya kuinua gari, juu ya springi, akatoa tairi za 235/60 akafunga za kashata, zile za meno makubwa, tena ndefu zaidi, 235/70. "Hakuna shida bosi, sasa una kifaru." Korongo kweli navuka, hilo simnyimi. Lakini mimi naishi korongoni? Jumatatu hadi Ijumaa naenda Mtumba kwa lami, na lile vuuuu la tairi ni kama nimefunga mashine ya kukoboa chini ya kiti. Nikikata kona kali, tairi inakwangua madigadi. Usiku kila anayekuja mbele ananiwashia full, kumbe taa zangu zinatazama juu tangu gari linyanyuke, hakuna aliyezishusha.

Haya yote ningevumilia. La mshale wa spidi je? Tairi kubwa inakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, kwa hiyo mshale ukisoma 50 mimi niko 53 na kitu. Nimejua hivyo mbele ya tochi ya kupima spidi, nikabishana na trafiki kwa kujiamini kabisa. Faini elfu thelathini hiyo.

Nimerudi gereji na risiti. Fundi kaiangalia, kacheka, kasema: "Bosi, si uendeshe 45 tu?"